Bei ya Herufi

Mimi nalipwa kwa herufi.
Hamsini kila moja, rangi juu yangu.
Nafasi katikati ya maneno ni bure,
nukta ni bakshishi.

Ndiyo maana niliwapenda Wataliano:
lugha yao huzaa mapacha.
Pitsa yao ina z mbili, vila yao ina l mbili
zimesimama bega kwa bega kama mabawabu wa Kasuarina.
Nimeandika majina ya wake zao juu ya malango,
nimeandika aina kumi na nne za aiskrimu kwenye ubao mmoja,
na mkono huu ukaninyanyulia vyumba viwili vya mawe, Maweni,
bati la mwisho bado lina karatasi ya dukani.

Miaka ile hata mbuzi wa Barani waliitika chao.
Kadzo wa chapati alihesabu hadi mia kwa Kitaliano
kabla hajajua kuandika jina lake.
Mpwa wangu Mwaringa aliacha shule darasa la saba:
mwalimu alikuja kwa baiskeli,
yeye, kwa kuuza twiga wa mti, akanunua pikipiki.
Ungemwambia nini?
Mimi ndiye niliyemwandikia tangini MAMBO BADO.
Herufi tisa. Nilimpunguzia.

Kisha redio ikasema benki imeanguka Marekani.
Nilikuwa juu ya ngazi, brashi ya pili mdomoni.
Nikacheka. Benki huangukaje, kwani ni mnazi?
Nikamaliza S yangu, nikashuka, nikalipwa,
wala sikujua kuwa hiyo ndiyo S ya mwisho
kulipiwa na mtu asiyeomba apunguziwe.

Haikuja kwa kishindo.
Ilikuja kama chumvi ya hewani inavyokula msumari.
Aliyekuwa akija Agosti na Desemba akaja Desemba tu,
mwaka uliofuata akatuma salamu,
kisha salamu ikaletwa na wakili.
Bwawa la nyumba namba sita likawa la vyura,
halafu hata vyura wakahama.
Kadzo sasa huhesabu chapati zilizolala,
na huzihesabu kwa Kitaliano;
asema hasara kwa lugha ya watu haiumi sana.

Mimi kazi haikunikatikia. Hapo ndipo penye aibu yangu.
Niliandika neno moja, miaka na miaka:
INAUZWA ukuta wa baharini,
INAUZWA juu ya pitsa, zile z nikazipiga chokaa
(mvua ikinyesha zinachungulia),
INAUZWA tangini, chini ya MAMBO BADO.
Mwaringa alikuwa akitazama pembeni.
Sikumtoza.

Juzi akanijia Mbodze wa Muyeye.
Kiwanja chake kimeuzwa mara mbili na watu asiowajua,
ataka ukuta useme HAIUZWI.
Nikapiga hesabu: saba. Mia tatu na hamsini.
"Sawa na yule anayeuza?"
Sawa, mama. Saba kwa saba.
"Yeye atapata mamilioni. Mimi nitapata nini?"
Nikajifanya nakoroga rangi.

Nyekundu ilinikatikia herufi ya tatu.
Duka la vifaa halikopeshi tena,
limejiandikia lenyewe mlangoni, kwa mwandiko mbaya.
Nikamwambia nitarudi kesho.

Yeye hakusoma. Aliuliza,
"Na hapo ulipofika, pamesema nini?"
Nikamsomea.

Akanyamaza. Akaigusa ile ya mwisho, ikamwachia rangi kidoleni.
Akafungua fundo la leso, akanihesabia mia na hamsini,
sarafu nyingi, moja imetobolewa.
"Kesho usije na ngazi," akasema.
"Kwa mwezi huu, hizo tatu zatosha."