Herufi Moja

Siku ya tatu ya ndoa mavyaa aliniambia, "Pika kahwa."
Nikatwanga buni.
Mimi Mwanatumu, mtoto wa Barabara ya Kumi na Tisa,
niliyeamshwa utoto wangu wote na mlio wa vikombe vya muuza kahawa,
ningejuaje kwamba herufi moja ikidondoka
kinywaji kizima hugeuka rangi?
Bi Zuni akanusa, akaweka kikombe chini, kikapoa.
Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Kesho yake akavuta kigoda karibu na jiko
akasema, kwa Kiswahili chake cha kupatania bei:
"Maji kwanza. Majani mwisho. Kati, subira."

Basi sogea, Nusrati.
Maji vikombe vinne, ya mtungini;
ya bomba yana dawa, yatameza harufu.
Yakianza kunong'ona tia mdalasini,
gome, si unga. Unga hutibua.
Iliki punje sita, zipasue kwa kitako cha bilauri,
na maganda usitupe, ndiyo yenye maneno.
Karafuu mbili.
Ya tatu ni ya jino.

Zafarani imo kwenye kile kichupa cha dawa ya macho.
Ilisafiri ndani ya soksi ya Ami Bashiri, ndege mbili,
na zimebaki nyuzi ishirini na tatu, nilizihesabu jana.
Chukua nne. Ziloweke kwenye kijiko cha maji ya moto
uone rangi inavyojitoa bila haraka,
kama hina inavyokikubali kiganja.

Kwao, alisema, hukwangua theluji mlangoni
ndipo wakateleka.
Hapa Ngamiani tuna Februari, gauni limeganda mgongoni,
na bado alikunywa ya moto, vikombe viwili,
akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Majani hutuletea mjomba Kibwana kutoka Amani,
mabichi, kabla kiwanda hakijayatia weusi.
Mara ya kwanza Bi Zuni hakungoja yapikwe.
Alitia jani kinywani akalitafuna kama tambuu,
macho kafumba,
na mjomba akasimama na kapu lake, hajui aage au akae.

Epua! Sasa majani, kijiko kimoja. Funika.
Soma Kulhuwallahu mara tatu, usikimbize.
Yakilala zaidi yatakuwa machungu
na wewe utailaumu sukari.

Lozi hatuna. Bei yake ni ya kuuzia shamba.
Ponda korosho.
"Hii nini?" aliniuliza siku ile, ameishika kwa vidole viwili.
Nikamjibu, "Lozi iliyopinda."
Alicheka mpaka akashika mbavu,
na tangu hapo akaacha kuniita Mke wa Altafu,
akaniita jina langu.

Lile birika la shaba lenye tumbo la mkaa
liache hapo juu ya kabati.
Fundi wa Barabara ya Nane aliliziba, likavuja kwingine.

Mpelekee. Hapana, ngoja.
Hili usimwambie baba yako.
Tangu Mfunguo Nne bibi yako hanijui.
Asubuhi mimi ni nesi, adhuhuri mpangaji,
jioni mwizi wa taulo.
Nimezoea. Naitika yote.
Lakini juzi mkono uliniteleza, iliki zikaingia kumi.
Akaonja. Akakunja uso.
"Mwanatumu," akasema, kwa sauti ile ile ya kigodani,
"nimekwambia mara ngapi kuhusu iliki?"

Nilikwambia sita, sivyo?
Tia kumi.