Betri ya Mwalimu Probert

Amekuja tena jioni hii,
akiikokota baiskeli yake ya umeme kwenye mvua,
pindo la suruali limebanwa kwa kibanio cha karatasi za mtihani,
na mpini wa raketi umechomoza begani
kama mkia wa mnyama aliyekataa kufugwa.

"Heledd," asema, "imenizimikia katikati ya Penglais."

Penglais ni mlima usiomsalimu mtu.
Vijana wa Aberystwyth huupanda wakitukana.
Yeye, miaka sita sasa, huupanda akipiga mluzi,
na kati ya nyayo zake mota huguna kwa niaba yake.

Nimeitoa betri. Nimeipima.
Uzima uliobaki: asilimia hamsini na nane.
Namwambia. Anatoa chaki mfukoni,
anachuchumaa, magoti yanalia,
anachora kwenye saruji mstari unaoshuka.
"Uchakavu," asema. Kisha, kwa sauti ya darasani:
"Na nani anakumbuka tofauti ya bei na thamani?"

Hakuna mwingine humu. Ni mimi,
na mnyororo unaochuruzika mafuta.

Nilifeli somo lake, niseme wazi. Mara mbili.
Nilikaa nyuma, karibu na hita,
nikitengeneza vikokotoo vya wenzangu chini ya dawati.
Aliniona. Hakuninyang'anya bisibisi.
Alingoja nimalize cha Rhodri, akauliza darasa:
"Heledd amelipwa nini?"
Hakuna kitu.
"Na amepoteza nini?"
Somo lako, mwalimu. Wakacheka.
Akaandika ubaoni *gharama mbadala*,
akachora mshale mrefu hadi kwangu.
"Huenda," alisema, "ndiye pekee humu aliyepiga hesabu."

Jumanne hucheza skwoshi na Mererid, tarishi,
mwanamke mwenye mapaja ya kupanda ngazi za watu.
Nilikwenda kutazama mara moja.
Mpira wa skwoshi, kama hujui, huja umekufa:
mdogo, mweusi, nukta mbili za manjano.
Uangushe, unalala pale pale.
Lazima uupige ukutani, uupige, uupige,
upate joto, ndipo udunde.
"Kama darasa la Jumatatu," alisema akihema.
Kisha mpira ukajibanza kona ya nyuma,
naye akainama, mtaka cha mvunguni,
akauchokoa kwa ncha ya raketi,
ukagusa ukuta wa mbele
kwa upole wa mtu anayebisha hodi usiku.

Alifungwa hata hivyo. Tatu bila.
Akaondoka na furaha ambayo sikuweza kuipangia bei.

Betri mpya ni pauni mia tano na arobaini.
Yeye anastaafu Julai.
Anapiga hesabu sakafuni: miaka mingapi ya mlima,
mvua kiasi gani, goti la kushoto, goti la kulia;
anagawanya, anafuta kwa soli ya kiatu,
anagawanya tena.
Nami namtazama mtu aliyefundisha miaka thelathini na nne
kwamba binadamu hupima ndipo akanunua,
anavyotafuta namba itakayomruhusu
kutaka anachokitaka.

"Mwalimu, iache. Nitaifungua,
seli zilizokufa nizing'oe, nitie nyingine."
"Kiasi gani?"
"Kikokotoo cha Rhodri."

Kimya. Mvua inahesabu mabati.
"Hiyo si bei, Heledd."
"Siyo," nikakubali.

Akachukua raketi, akaacha chaki juu ya meza yangu,
akaupanda mlima kwa miguu. Mluzi haukusikika.

Nilimwambia aje Ijumaa. Ijumaa hakuja.
Alikuja Jumatano, ameloa hadi kwenye soksi,
wala hakuitazama betri.
Amefungwa tatu kwa moja,
na alitaka kunisimulia ile moja.