Jina la Herufi Ndogo

Kibuye, Jumapili. Maseremala hawajui Sabato.
Aduda anafuta kioo kwa pindo la shati,
kile kioo cha kuchungulia nyaya za redio,
anakiweka juu ya karatasi ya kanda iliyopauka:
"Soma wewe, mimi macho yamechoka."
Nasoma. Gitaa la pili, Ioane Kamalo.
Waitikiaji, Ioane Kamalo.
Mpangaji wa ala, yule yule.
Na juu, kwa wino wa dhahabu,
jina la mwingine, meno ya mwingine,
shada la maua shingoni mwa mwingine.

Kanda kumi na moja zilibaki Maseno
mwalimu wa kemia alipofunga mizigo kurudi kwao Hawaii.
Baba yake Aduda alizinunua kwa bei ya chuma chakavu
ili azifute, arekodi mahubiri.
Akasikiliza ya kwanza.
Mahubiri yakaahirishwa.

Kamalo hatujawahi kumwona. Sura yake haimo.
Sisi tumemwita Owane, kama mtu wa Seme
aliyekwenda mbali akakawia.

Nasimiyu, mshona sare za kwaya,
hupenda ile sauti ya nyuma tu.
Anasema: msikie mkubwa anavyoteleza hapa,
na huyu anavyoshuka nusu ngazi amkinge,
kama unavyomvuta mwenzio shati
pikipiki ikipita, bila kukatiza maongezi.
Miaka kumi na sita naimba alto, anasema,
hakuna aliyewahi kuniambia nimeimba vizuri.
Huniambia kwaya imeimba vizuri.
Kisha anakata uzi kwa meno.

Shisia ameegemea friji bovu.
"Kalegeza nyuzi," anasema hatimaye. "Tatu.
Sikia gumba: linatembea
kama mtu aliyeingia kwake usiku stima zimepotea,
hagongi meza, hakanyagi mtoto."

Kanda ya kumi na moja ni yake mwenyewe.
Huwa tunaicheza mwisho, soko likianza kufungwa.
Hakuna ngoma, hakuna waitikiaji.
Nani angemwitikia, kama mwitikiaji ndiye yeye?
Anakohoa kidogo. Kiti kinalia.
Tunakipenda hicho kiti.
Mteja mmoja aliwahi kuuliza kama kanda ina kasoro;
Aduda alimrudishia redio yake bila kuitengeneza.

Maneno hatuyajui. Nasimiyu anasema ni habari za mvua.
Aduda anasema ni deni.
Mimi nasikia mtu aliyewabebea wenzake viti maisha yote
akivuta kimoja, akikikalia,
akishangaa kwamba kinamtosha.

Leo Shisia amekuja na santuri ndani ya gazeti.
Alipiga gitaa la pili huko Kondele miaka kumi na tisa;
siku moja wakapelekwa Nairobi kurekodi,
wakala mkate mkavu, wakarudi usiku huo huo.
Kwenye lebo pana jina la kiongozi na picha ya jogoo.
Aliuliza. Akaambiwa: lebo ni ndogo.
"Jogoo alienea," anasema Shisia.

Aduda anachukua kalamu ya kuandikia namba za fyuzi.
"Wekhomba Shisia," anaanza kwa sauti, "gitaa la..."
"Ngoja. Anza na Ogweno.
Besi. Huyo hana tena wa kumuulizia."

Sote tumeinama juu ya kioo.
Ogweno ameenea. Mpiga kayamba ameenea.
Jina la Shisia limekuja mwisho, limebanwa,
herufi zimepinda zikizunguka tundu la katikati.
Hatuna hata mashine ya kuichezea.
Nasimiyu anaupuliza wino ukauke.