Ukuta wa Jipsamu, Mbale

Gonga kwanza, Nambozo, kwa kifundo cha kidole.
Hapa ndu: hewa.
Hapa ndu.
Hapa ti! Papo pana mbao, lakini wewe hutaki papo,
wataka katikati, itazame mlango.

Msumari ulijipigilia mwenyewe Jumapili,
ukaingia kama kijiko kwenye posho,
na usiku saa ya marehemu ikaja chini
imeng'ata donge la ukuta.

Dukani kwa Wepukhulu
watakuuzia plagi za plastiki, konzi kwa elfu mbili.
Zafaa kalenda. Zafaa kofia.
Saa hii ina kengele ya shaba; ipime mikononi:
kilo saba, nane ukihesabu na miaka.

Basi twaa hii yenye mbawa za chuma.
Toboa tundu la kidole gumba,
zikunje, zipenyeze,
zisikilize zikifunguka gizani, macho yasikofika,
kisha kaza. Polepole! Ukizidisha utauponda.

Miaka ishirini na sita nimejenga kwa tofali;
sikujua kwamba hata utupu
hushika, ukikumbatiwa kwa nyuma.

Lete saa.
Hapana, vumbi liache kwanza.