Ukuta Hauna Mdomo

Wahenga walisema ukuta una masikio.
Hawakusema una mdomo.
Mwaka mzima niliishi na ukuta huo
katika jengo la Hillfields, Coventry, ghorofa ya tatu:
upande huu kitanda changu, cha mtu alalaye mchana,
upande wa pili mtoto.

Nilirudi saa moja asubuhi kutoka kufagia hospitali,
mikono ikinuka dawa ya sakafu,
nikamsikia akiita mama mara nne, mara tano.
Halafu kimya.
Kilio huwa kina mwisho. Kimya kile hakikuwa nao.
Nikaongeza sauti ya redio.

Andika hivyo. Usiandike kwamba nilichoka,
ingawa nilichoka.
Usiandike kwamba karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado serikalini
na nilishajifunza kukaa mbali na kila mwenye sare.
Andika: aliongeza sauti ya redio.

Bi Glenys, avushaye watoto barabara kwa kibao chake cha duara,
aliona viatu visivyo na soksi, Januari,
vifundo vyekundu kama nyama ya buchani.
Bwana Bhogal alimuuzia mkate kwa sarafu za shaba
zinazonata soda; akamrudishia zote,
akadhani amemaliza.
Petrauskas, fundi bomba, aliona mlango wazi usiku wa manane
na televisheni ikilea.
Kila mmoja alikiokota kigae chake
akakitia mfukoni,
kikawa kinamchoma paja akitembea.

Wenyeji hapa wana adabu ya kutazama viatu vyao ndani ya lifti.
Mimi nina methali.
Mkono mmoja haulei mwana: niliiandika darasa la nne
kwa mwandiko mzuri, nikapewa alama zote.
Methali haibishi hodi.

Jumamosi moja ya Machi lifti ikaharibika.
Tukakutana ngazini na mifuko yetu ya viazi,
Bi Glenys amekaa, anapumzisha goti.
Akauliza, kama anayeziuliza ngazi,
yule wa kumi na nne ana miaka mingapi?
Mitano. Sita. Sijui.
Na jina lake?

Hapo tukanyamaza wote.

Kisha vigae vikaanza kutoka mifukoni.
Soksi. Mkate. Mlango.
Changu kilikuwa cha mwisho, na hakikuonekana,
kwa kuwa kilikuwa sauti tu.
Petrauskas alishika simu, Bi Glenys akazungumza,
na walipoulizwa nani amesikia
nilitaja jina langu, herufi moja moja, lote.

Afisa wa ustawi alikuja Jumatatu na mwavuli uliovunjika.
Hakuja na gunia.
Alibisha, akangoja, akabisha tena.
Mama alikuwa na miaka ishirini na mitatu.
Tulitaka zimwi; zimwi lingeturahisishia.
Tukaona msichana aliyezama miezi minane
ndani ya chumba kikavu.

Sitasema yaliisha vizuri.
Mtoto alikaa kwa shangazi yake Nuneaton wiki kumi na moja.
Ukuta ukaleta kimya kingine, cha kitanda kitupu,
nikalala nikijiuliza tumefanya nini.
Mama alinipita ngazini bila kunitazama.
Bado hanitazami. Ni haki yake.

Sasa Jumanne mtoto hushinda dukani kwa Bhogal, juu ya kreti,
anahesabu pipi asizoruhusiwa kula.
Alhamisi ni yangu. Nampikia wali kwa nazi ya kopo,
anaondoa maharage moja moja, anayapanga ukingoni mwa sahani.
Anaitwa Ellis. Ana miaka sita na nusu,
na hiyo nusu usiithubutu kuisahau.

Jana asubuhi aligonga ukuta mara tatu.
Nilikuwa nimechoka, ndiyo, macho yamejaa mchanga.
Nikazima redio.
Nikagonga tatu.