Upande Aliokaa Bibi

Kitabu kilikuwa kimoja, wanafunzi kumi na wanane.
Nuwa Busuulwa alikilaza juu ya ngozi ya mbuzi,
wakakizunguka kama watu wanavyouzunguka mtungi wa ajon,
kila mmoja na mrija wake,
ila hapa mrija ulikuwa jicho.

Bibi yangu Asekenye alichelewa siku ya kwanza.
Alikuwa akisaga wimbi. Alipofika
nafasi iliyobaki ilikuwa mkabala na mwalimu,
huko herufi zinakosimama kwa vichwa.
Akakaa. Hakuuliza.

Nuwa alikuja kwa miguu kutoka Buganda,
Nuwa asiye na safina,
amevuka mafunjo ya Kyoga maji yakimfika kifuani,
sanduku kichwani, kanzu imezungushwa shingoni.
Mshahara wake shuka moja kwa mwaka,
na simbi za kununulia chumvi.
Hakujua Kiteso. Alianza kwa kuelekeza kidole:
mti? ng'ombe? mvua?
Kisha akaelekeza juu, akangoja.

Wazee walitazamana.
Mmoja akataja Akuj, aliye mbali, asiye na haja na mtu.
Mwingine akataja Edeke,
anayeingia zizini na sotoka, ambaye lazima asemezwe.
Nuwa akaandika la pili.
Bibi alicheka kila aliposimulia hapo:
"Tulimpa jina la ugonjwa, naye akalivika kanzu nyeupe."

Sisemi habari ilikuwa njema kwa kila mlango.
Njia aliyopita Nuwa ilipita pia bunduki,
ikapita kodi ya kibanda,
na Okiror, kaka yake bibi,
aliyechimba barabara mpaka mkono ukaoza,
aliulizwa na karani, "Umebatizwa?"
kabla ya kuulizwa, "Unaumwa wapi?"
Nuwa alisimama kando siku hiyo,
akikunja na kukunjua pindo la kanzu.
Bibi alimwona. Hakusahau,
wala hakuacha kwenda darasani.
Nilimwuliza sababu. Akasema,
"Tulikuwa tumefika herufi ya M."

Mzungu alifika mwaka wa nne, kwa baiskeli,
akalala siku mbili, akabatiza watu arobaini,
akaugua tumbo, akaondoka.
Jina lake limechongwa kwenye jiwe la kanisa.
La Nuwa nililitafuta sana. Limo katika daftari la michango:
"Busuulwa, jembe moja, limevunjika."

Bibi alipewa jina Yunia. Alilivaa Jumapili.

Miaka sitini alishika Biblia kichwa chini.
Wakwe walinong'ona, wajukuu tulibana vicheko,
na kasisi kijana, mgeni kutoka chuoni,
alimwendea kwa upole, akaigeuza mikononi mwake
kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati.
Bibi akamtazama.
Akaigeuza tena.
Akasoma Zaburi nzima, kituo kwa kituo,
kwa sauti ya mtu anayehesabu ng'ombe wake jioni.

Siku ya kumzika, mjomba aliweka kitabu kifuani pake
wima, sawasawa, kama vitabu vya watu.
Nikangoja wainamishe vichwa kwa sala,
nikanyoosha mkono,
nikakipindua.