Kidole cha Marehemu

Simu yake bado naichajisha.
Dukani kwa Chitanda, mia tatu, nakaa mpaka ijae,
maana humo ndani mna watu tunaowadai
na namba zao sizijui kwa kichwa.
Jumanne ikalia:
NDUGU MKULIMA DADI LIKAPA,
UMETENGEWA MIFUKO SITA YA SALFA YA RUZUKU.
FIKA GHALANI NA KITAMBULISHO.

Dadi ana miezi kumi na mmoja chini ya mchanga wa Namkonda.
Serikali imemkumbuka kuliko ndugu zake.

Nikaenda. Foleni ilianzia mlangoni mwa ghala
ikapinda kwenye kibanda cha mihogo ya kukaanga.
Tulikalia ndoo, tulikalia ndala,
Binti Nambunga akanyonyesha, akasogea, akanyonyesha.
Zamu yangu ilifika saa nane.
Karani, kijana wa Newala mjini, mpole, hana baya,
akanisogezea kishikwambi: "Weka kidole, mama."
Nikaweka. Kikakataa.
"Futa jasho." Nikafuta kwa kanga. Kikakataa.
"Hiki si kidole cha Dadi Likapa."
Hilo, mwanangu, hata mimi nalijua.

Akauliza mikorosho ni ya nani.
Nilitaka kumwambia, liulize jembe.
Nilitaka kumwambia, ule wa njia panda
tuliuotesha mwaka niliomzaa Somoe,
na Somoe sasa ana mtoto wa kubeba bomba.
Nikasema tu: "Ya huyo aliyeandikwa."
Mimi kwenye daftari ni mke,
safu ya mwisho, pale wanapohesabu wategemezi.

Nyuma yangu alikuwa Mchopa.
Mchopa ana mikorosho themanini, tumeipalilia kwa vibarua,
tunaijua mmoja mmoja.
Kwenye daftari ana mia tatu na arobaini.
Hiyo mingine imeota kwenye karatasi,
haipukutishi majani, haiugui,
na ruzuku yake haijawahi kuchelewa.
Kidole chake kikaitikiwa papo hapo, ti!

Mtendaji akasema leta barua.
Barua ikasema nenda mahakama ya mwanzo.
Mahakama ikasema mirathi, wiki ya tatu ya Agosti.
Maua hayajui mirathi.
Ubwiri ukawahi, mweupe,
ukakaa kwenye vikonyo
kama unga mdomoni mwa mtoto aliyedokoa.

Usiku nikabisha hodi kwa Mchopa.
Mifuko ameipanga uvunguni mwa kitanda,
kila mmoja umeandikwa ubavuni: HAIUZWI.
Akaniuzia.
Mitatu, tutalipana mnada wa kwanza.
Kwa kilo ngapi, sisemi;
wakimfunga, mwakani nitabisha hodi wapi?

Alfajiri, umande ungali majanini,
Shaibu akavuta kamba, bomba likanguruma,
shamba lote likapanda juu, njano.
Macho yakaniwaka. Nikakohoa,
nikauegemea ule mkorosho wa njia panda.
Nilipoondoa mkono, vidole vyote vitano
vilikuwa vimebaki kwenye gome,
kila mstari unasomeka.
Nikavitazama kitambo.

Kisha petroli ikaisha,
Shaibu akaanza kunung'unika njaa,
na mfukoni mwangu simu ikalia:
NDUGU DADI LIKAPA, HUJACHUKUA SALFA YAKO.
MWISHO NI IJUMAA.